Gari inachemsha: nimejaribu vifaa vinne kwenye Corolla 110 kabla fundi hajafungua hedi

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena gereji, na nikisema gereji namaanisha hapa nyuma ya nyumba chini ya mwembe, kwa hiyo mkisikia kuku msishangae. Leo nina vitu vinne mezani, kuna skana ya bluututhi, kuna bunduki ya kupimia joto, kuna pampu ya kupima presha ya rejeta, halafu kuna hiki kichupa chenye maji ya bluu ambacho watu wengi hawakijui, na ndicho kilichoniokolea pesa nyingi kuliko vyote.

Gari ndiyo hii mnaiona, Corolla 110 ya 1998, injini ya 5A-FE, sisisi 1,500. Mwezi uliopita nimetoka nayo Dar naenda Iringa, Morogoro nimepita safi, Mikumi safi, sasa nimefika Kitonga, si mnaijua ile kona na malori yake, upo nyuma ya semi inapanda gia ya kwanza na AC imewashwa, mara naona mshale wa temprecha unanyanyuka. Nikazima AC, nikawasha hita moto wa mwisho na feni ya ndani namba ya mwisho, abiria wangu wakanilaani, lakini ule mshale ukashuka kidogo kwa sababu hita ni kama kirejeta kidogo cha pili, inanyonya joto la injini inakuletea wewe usoni. Tukafika juu tumeiva lakini tumefika.

Nimerudi Dar nikaipeleka kwa fundi. Kafungua boneti, kaangalia kama dakika mbili, "Bosi, gasketi ya hedi imekufa hiyo," yaani ile karatasi ngumu inayoziba kati ya injini na hedi, kile kipande chake cha juu. Tunashusha hedi, tunaipeleka kwenye mashine ikasawazishwe, gasketi mpya, boliti, oili, na jumla yake aliyonitajia nilicheka ile ya kujikaza. Sasa mimi sisemi fundi ni mwongo, gasketi inakufa kweli na gari ikichemsha sana hedi inapinda, lakini kakuta oili haina maziwa, yaani haijawa nyeupe kwa kuchanganyika na maji, moshi mweupe hakuna, kaijuaje? Nikamwambia kaka nipe wiki moja nijiulize, nikaenda Kariakoo.

Tuanze na skana hii tuimalize haraka. Ni zile za ELM327 za bei chee, unaichomeka chini ya usukani inaongea na simu. Kwenye gari za miaka ya karibuni inakupa joto la injini kwa namba kabisa. Kwenye hii yangu? Angalieni hapa, inatafuta... inatafuta... imeshindwa. Gari nyingi za Japani za miaka ile haziongei lugha ya hizi skana hata kama soketi unaiona, kwa hiyo usinunue ukadhani umeshinda. Wewe nenda kwenye kiboksi kidogo chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSTIC, kifungue, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kiwaya, washa swichi bila kupiga stata, taa ya injini itakonyeza. Ikikonyeza mbili, ikapumzika, ikakonyeza mbili tena, hiyo ni kodi 22, yaani namba ya hitilafu, sensa ya joto la maji ina shida. Yangu ilikonyeza mfululizo bila kusimama, maana yake hakuna kodi. Bure kabisa, kiwaya tu.

Halafu kitu kingine kuhusu ule mshale wa dashibodi, usiuamini sana. Kwenye Toyota nyingi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kiasi, kwa hiyo ukiona unaanza kunyanyuka jua mambo yameshaharibika zamani. Na mbaya zaidi, maji yakiisha kabisa unaweza kuuona unashuka, kwa sababu ile sensa yake imebaki kwenye hewa haiguswi na maji, wewe unasema alhamdulillah imepoa kumbe injini inaungua.

Sasa kichupa. Hii ni dawa ya bluu inayobadilika rangi ikikutana na moshi wa injini. Gasketi ikiwa imekufa mara nyingi ule moshi wa ndani ya silinda unavuja kuingia kwenye maji, na dawa hii inaunusa. Unavyofanya, gari ikiwa imepoa, narudia, IMEPOA, unafungua mfuniko wa rejeta, unapunguza maji kidogo yashuke sentimita kadhaa ili dawa isije ikanyonya kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini, maana ikiingia umeharibu kipimo, unawasha gari na mfuniko uko wazi hivyo hivyo unaiacha ipate joto mpaka thermostati, ile valvu inayoruhusu maji yaende kwenye rejeta yakishapata moto, ifunguke, ndio unaweka kichupa juu ya mdomo wa rejeta unabonyeza hiki kipira kinyonye hewa ya mle, dakika moja mbili. Ikigeuka njano, pole ndugu yangu, mwite fundi. Ikibaki bluu unapumua.

Yangu, mnaiona wenyewe, bluu. Dakika ya kwanza bluu, ya pili bluu. Sasa mtu ataniuliza utajuaje dawa yako sio maji ya rangi ya Kariakoo? Swali zuri, hata mimi nilijiuliza. Nikaenda nyuma ya gari, nikainyonyesha moshi wa ekzosi. Tazama... njano hiyo. Dawa ni nzima. Ukiinyonyesha hewa safi inarudi bluu taratibu. Hiki nilinunua elfu 80, na kama ningekubali ile habari ya kushusha hedi, elfu 80 hata isingenunua seti ya gasketi na nauli ya kuifuata.

Twende kwenye pampu ya presha. Watu wengi hawajui kwa nini mfuniko wa rejeta una springi. Juu yake umeandikwa 0.9, si urembo huo, ni presha unayoshikilia. Maji ya kawaida yanachemka nyuzi 100, lakini yakifungiwa kwa presha hiyo yanafika karibu 119 ndio yachemke. Kwa hiyo mfuniko ukilegea gari itachemsha hata kama kila kitu kingine kizima, na mfuniko ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo mzima na hakuna anayeuangalia! Nikaufunga wangu kwenye pampu, napiga, napiga, umefika 0.3 unaanza kupumua. Umekwisha. Na dalili nilikuwa nayo siku zote sikuijua, asubuhi mpira wa juu wa rejeta naukuta umenyonywa umekuwa bapa kama chapati, hiyo ni ile valvu ndogo ya katikati ya mfuniko imeganda, injini ikipoa inashindwa kuvuta maji kutoka kwenye chupa ya akiba.

Nikanunua mfuniko mpya, nikafunga, nikajiona injinia. Nikaenda kujaribu, napanda kile kilima cha Kimara na watu wanne ndani, AC imewashwa. Mshale huooo. Aisee nilikaa pembeni ya barabara nikajisikia mjinga.

Hapo ndio nikakumbuka kuuliza swali ambalo nilitakiwa nianze nalo kabla ya kununua chochote. Inachemsha WAPI? Kama inachemsha kwenye foleni ikitembea inapoa, angalia feni, na kwenye gari kama hii kuna ujanja, chomoa waya wa swichi ya feni iliyoko kwenye maji, swichi ya gari ikiwa on feni lazima izunguke, isipozunguka tafuta relei, fyuzi au mota imekufa, na toa vidole hapo kwanza. Yangu mimi foleni ya Ubungo haina shida hata saa zima. Inachemsha kwenye mlima na kwenye mwendo, injini ikiwa inafanya kazi kubwa. Hiyo inamaanisha maji hayazunguki vizuri au rejeta haitoi joto.

Thermostati nikaitoa nikaichemsha kwenye sufuria ya jikoni, mama watoto hajui naomba asiangalie hii video. Nikaweka kipimajoto, ikaanza kufunguka kwenye 82 hivi, kufika 95 imefunguka zaidi ya milimita 8. Nzima. Nikairudisha, na hapa naomba niongee kidogo, ile tabia ya kutoa thermostati na kutupa eti huku kwetu joto haina kazi, jamani. Injini inakuwa inakunywa mafuta kama bado ya baridi, na kama ni zile zenye kisahani cha pili kwa chini, ukiitoa ile njia ya mkato inabaki wazi, maji mengine yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Umetoa thermostati ili isichemshe, inachemsha zaidi.

Imebaki rejeta, na bunduki. Bunduki ya joto usiipige kwenye alumini inayong'aa itakudanganya, itakupa namba ndogo, bandika selotepu nyeusi ndio upige hapo. Rejeta yenyewe ni nyeusi haina tabu. Injini ya moto, feni haijaanza, nikapitisha taa nyekundu toka kushoto kwenda kulia. 85, 84, 86, halafu ghafla 51, 47, 49, halafu 83 tena. Kwenye Corolla hii maji yanashuka kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mstari wa wima wenye ubaridi ni mirija imeziba, maji hayapiti. Robo nzima ya rejeta ilikuwa pambo. Na sababu naijua, nimeijazia maji ya kisima cha hapa mtaani miaka mitatu, maji ambayo hata chai hayafai kwa chumvi, na birika la nyumbani limeota magamba nikiangalia naona kabisa na rejeta ndani ipo hivyo.

Nimeweka rejeta nyingine, kulanti iliyochanganywa na maji ya chupa, nimeipandisha Kimara mara tatu, mshale umelala. Kitonga bado sijarudi.

Sasa ununue kipi? Skana achana nayo kama gari ni ya zamani. Bunduki elfu 45, nunua, utaitumia mpaka kwenye breki. Kichupa cha bluu, changeni watu watatu mtaani mnunue kimoja, si kitu cha kila siku. Pampu ya presha ni nzuri ila ilinigharimu laki na nusu na seti ina vifuniko kumi vya gari ambazo sina, kama gari yako ni moja tu badilisha mfuniko moja kwa moja uone, ni rahisi zaidi.

Ila pampu imenionyesha kitu kingine jana usiku. Niliipiga mpaka 0.9 nikaiacha dakika kumi, imeshuka 0.8. Nikaingia chini na tochi, njooni kamera hapa, mnaona hicho kitundu kidogo chini ya wota pampu, kina doa la pinki? Ni kulanti inavujia hapo. Jumamosi natoa mkanda.