Hardtop ya kukodi Lubumbashi: gari nimelipenda, wenyewe wamenichefua

Nilikodi Hardtop, ile Toyota Land Cruiser ndefu ya porini, hapa Lubumbashi, Kongo. Springi ya nyuma kushoto ilikatika kupita mji wa Likasi, njia ya Mitwaba, na mpaka leo yule kijana wa mezani wa kampuni ananidai bei ya springi mpya. Ndilo lililonifanya niandike. Kampuni siitaji, lakini wanaokodi magari ya porini mjini hapa hawatachelewa kuitambua.

Springi hiyo ni fungu la lame, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Lame kuu ilikatika katikati kabisa, kwenye tundu la bolti inayoshikanisha lame zote. Fundi wa springi akiona hapo haulizi mara mbili. Lame iliyolemewa na mzigo kwa kawaida hukatika nje ya brida, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, pembeni mwa sehemu iliyobanwa. Ikikatika kwenye tundu la katikati, maana yake brida zimelegea: lame zinachezacheza juu ya ekseli na nguvu yote inaangukia pale kwenye tundu, ambako chuma ni kidogo zaidi. Na zililegea kwa sababu garaji yao iliongeza lame moja ili kuinua nyuma, halafu ikarudisha brida zile zile za zamani. Mafungu ya lame yamekuwa manene, brida ni fupi, nati inashika nyuzi chache tu. Brida ikishavutwa mara moja haifai kurudiwa. Hufungwa mpya, zinakazwa gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, na baada ya kilomita mia chache za kwanza zinakazwa tena. Hapa hakuna aliyekaza tena kitu.

Ushahidi uko kwenye chuma chenyewe. Sehemu ya mkato ilikuwa na kutu ya kahawia, iliyobaki inang'aa. Mkato wa siku moja ungeng'aa wote. Ufa ulikuwepo gari lilipotoka kwao. Nilimwekea kijana vipande mezani, hakuinamisha hata shingo. «Papa, mutoka ilitoka muzima. Weye njo ulivunja, utalipa.» Nikamwomba amwite fundi wao aje aangalie. Akasema fundi hana muda wa kuongea na wateja, akageukia simu yake.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana ndiyo silaha yao: «ulipakia sana.» Hardtop hii ya HZJ78, ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, ina karibu tani 2.2, na kikomo chake ni karibu tani 3.3. Inabaki tani 1.1. Hesabu inavyoliwa kabla mteja hajaweka hata mfuko wa unga. Bampa ya chuma pamoja na winchi, kilo 100. Keria ya chuma juu ya paa, 70. Hema la paani, 60. Tairi la akiba la pili na rimu yake, 40. Matangi mawili ya lita 90 yakijaa mazuti (dizeli) ni kama kilo 150. Madumu 6 ya lita 20, kila moja na mazuti yake kilo 21 hivi, jumla 126. Maji lita 100. Watu wanne, 300. Zimebaki kilo 150 za chakula, vyombo, zana na nguo. Na kwenye tangazo wameandika inabeba tani moja!

Tena uzito wa nyuma haulingani na uzito wa kati. Wametundika tairi na madumu kwenye mlango wa nyuma. Kilo 100 zikikaa mita 1.2 nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 2.98, ekseli ya nyuma inapata kilo 140 na ya mbele inapunguziwa 40. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinashika vibaya, na springi za nyuma zinapiga kila tuta. Maji na mazuti ya akiba yakae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, kamwe si paani. Ukikodi popote, lipitishe gari kwenye mizani ya malori, ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Kijana alipoulizwa kadi inayoonyesha uzito alisema hiyo si kazi ya mteja. Si kazi ya mteja!

Mazuti nayo. Walisema lita 10 kwa kilomita 100. Kwa lami hadi Likasi, mwendo wa 80 hadi 90, ni 12 au 13, na hapo sina ugomvi. Kwenye udongo mwekundu wenye mikunjo, gari limejaa, gia ya pili na ya tatu, ni 17 hadi 18. Matangi yale yale ya lita 180 yanashuka kutoka kilomita 1,400 hadi 1,000. Injini yake, 1HZ ya lita 4.2, haina turbo, na Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa imepungua. Ukiona moshi mweusi mzito kila unapokanyaga, ama filta ya hewa imejaa vumbi, ama mtu amefungulia pampu ya mazuti ili gari lionekane lina nguvu. Lao lilitoa moshi hata bila mzigo.

Na bado, gari lenyewe silisemi vibaya. Lame kuu imekatika, ila tulitoka. Jeki chini ya chasisi, kipande cha mti mgumu kati ya ekseli na chasisi, mnyororo kutoka ekseli hadi mshikio wa mbele wa springi ili ekseli isirudi nyuma, mizigo yote mbele, mwendo wa mtu anayekimbia. Gari lingine lingebaki pale. Mazuti ya madumu ya njiani yana maji, lakini ukifungua kizibo chini ya filta na kusukuma pampu ya mkono, linawaka tena. Kwa gari peke yake ningesema nendeni mkakodi, msisitize tu kwamba keria na hema vishushwe.

Hapana. Nikimkumbuka yule kijana, nafuta. Msikodi pale hata bila keria, kwa sababu brida hizo hizo ziko kwenye magari yao mengine. Nilizitazama chini uani kwao, nyuzi zimeisha.

Vipande viwili vya lame ninavyo mimi, dhamana yangu wanayo wao. Wakitaka bei ya springi, walete daftari la garaji linaloonyesha nani alikaza brida zile na lini.