Meza ya kazi ya plaiwudi ya kubebeka: uzoefu wangu wa miezi 10 jijini Nairobi

Kwa miaka mingi nimekuwa nikifunga kabati za jikoni na za nguo katika nyumba za watu, na muda huo wote meza yangu ya kazi nje ya karakana ilikuwa chochote nilichokikuta: ndoo mbili za rangi na mlango uliong'olewa, rundo la maboksi ya vigae, au sakafu yenyewe nikiwa nimepiga magoti. Karakanani kwangu, Kariobangi Light Industries, ninayo meza nzito ya mbao za saiprasi ambayo watu wanne huihamisha kwa manung'uniko, na sikuamini kwamba meza ya plaiwudi ya kubebwa kwapani ingeweza kufanya kazi ya maana. Sasa ni mwezi wa 10 tangu nilipoinunua, na nimeitumia Kileleshwa, South B, Kahawa West na kwingineko, kwa hiyo ninaweza kusema inafaa wapi na inashindwa wapi.

Seti niliyonunua ilitengenezwa kwa oda na karakana ndogo ya hapa jijini, kwa shilingi 24,000. Ina vipande viwili vya juu, kila kimoja sentimita 120 kwa 60, na fremu mbili za miguu zinazokunjwa. Kila kipande ni sanduku bapa: juu plaiwudi ya milimita 18, chini ya milimita 12 iliyokatwa matundu makubwa ili kupunguza uzito, na katikati mbavu za plaiwudi zenye kimo cha sentimita 10 zilizogundishwa pande zote mbili. Uso wa juu umetobolewa mashimo ya milimita 20 ya kutia vigingi vya kuzuia ubao usisogee, yaliyoachana milimita 96 kutoka kitovu hadi kitovu, vipimo ambavyo vimezoeleka kutokana na meza za kampuni ya Kijerumani ya Festool. Vipande vikiunganishwa ncha kwa ncha kwa boliti na nati za mabawa hupata meza ya sentimita 240, na vikilazwa ubavu kwa ubavu hupata mraba wa sentimita 120.

Sanduku la namna hii lina nguvu kuliko macho yanavyodhani. Mzigo unapokaa juu, ngozi ya juu, yaani ile plaiwudi ya milimita 18, hubanwa na ya chini huvutwa, na mbavu huzuia ngozi hizo mbili zisisogeleane. Kadiri zinavyokuwa mbali ndivyo meza inavyokataa kupinda. Seremala yeyote anajua kwamba ubao wenye unene mara mbili haupindi nusu tu, bali hukaza mara nane, na sanduku hili linatumia siri hiyo hiyo bila kubeba uzito wa mbao iliyojaa. Nimesimama katikati ya kipande kimoja, na mimi si mtu mwembamba, nikaweka rula ya chuma chini yake, nisione mwanga wa kusumbua.

Uzito wa kila kipande kwenye mizani ya jirani yangu anayeuza vyuma ni kilo 17, na kila fremu kilo 6. Jumla inafika kilo 46, na hapa ndipo neno la kubebeka linahitaji kupimwa kwa ngazi, si kwa maneno ya muuzaji. Siku yangu ya kwanza Kileleshwa, kazi ilikuwa ghorofa ya tano, stima zilikuwa zimepotea na lifti imesimama. Bawabu alikitazama kile kipande, akakizunguka, akauliza, "Fundi, hiki ni kitanda ama ni jeneza?" Kijana ninayemfundisha kazi akamjibu, "Ni meza, mzee, tena hii ni nusu yake." Tulipanda mara mbili kila mmoja. Kilo 17 si nyingi, lakini ubao wenye urefu wa sentimita 120 hugonga kona ya kila ngazi, na tulifika juu tukiwa tumeacha alama mbili za vumbi kwenye ukuta uliopakwa rangi majuzi. Tangu siku hiyo nimetoboa tundu la kushikia kwenye ubavu mrefu wa kila kipande, kazi ya dakika 20 ambayo mtengenezaji angepaswa kuifanya mwenyewe. Barabarani ni afadhali: seti nzima inaingia kwenye Probox viti vya nyuma vikilazwa, na kipande kimoja nimewahi kukituma kwa bodaboda kikiwa kimefungwa wima nyuma ya dereva, ingawa sishauri mtu afanye hivyo siku ya upepo.

Niliinunua kwa sababu ya wepesi, lakini kilichonishikisha ni jambo jingine kabisa, nalo ni usawa. Sakafu za nyumba zinazomaliziwa hapa mjini huwa na mabonde, hata zile za vigae vya bei ghali, na kabati linalounganishwa juu ya sakafu iliyopinda huzaliwa limepinda. Unapima pembe kwa pembe unapata vipimo sawa, unafurahi, kisha unatia milango na kuona moja imechomoza juu na nyingine imezama chini. Zamani nilitumia nusu siku kurekebisha bawaba ili kuficha kosa ambalo halikuwa la bawaba. Katika kazi ya South B niliunganisha masanduku tisa ya kabati juu ya meza hii, na milango yote ilikaa kwa kugeuza skrubu za bawaba mara moja au mbili. Hiyo nusu siku niliyoiokoa ndiyo iliyolipa meza, kuliko kitu kingine chochote.

Kwa sababu hiyo, kasoro kubwa inayoweza kuwemo katika meza ya namna hii ni kupinda kwa meza yenyewe, na mimi nililetewa moja. Sanduku lenye mbavu, gundi ikishakauka, hukaa milele na umbo lililokuwa nalo wakati wa kubanwa. Kama liliunganishwa juu ya meza iliyopinda, halinyooki tena, hata ulikalie. Kipande changu cha pili kiliyumba kwenye kona moja. Mtengenezaji alisema ni sakafu yangu. Nikafunga nyuzi mbili nyembamba kutoka kona hadi kona zikikatana katikati kama msalaba, ya kwanza juu ya ya pili. Palikuwa na mwanya ambao kadi ya benki ilipita. Nikabadilisha, ya chini ikawa juu, nyuzi zikasukumana. Juu ya uso ulio sawa nyuzi hizo hugusana tu, kwa vyovyote utakavyozipanga. Alizitazama nyuzi zile kimya kwa muda, akakubali kunitengenezea kingine, lakini nilisubiri wiki tatu na nauli ya kukirudisha nililipa mimi. Anayenunua na aende na uzi mfukoni, apime kabla ya kulipa.

Baada ya hapo ni mashimo. Yanavutia kuyaangalia, ila vifaa vya chuma vilivyotengenezwa kwa ajili yake si rahisi kuvipata katika maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi, na vinavyoagizwa kutoka nje vina bei ya kumfanya mtu afunge pochi. Nilidhani nitajitengenezea vigingi kwa bomba la chuma la nusu inchi, nikakata vipande sita, na hakuna hata kimoja kilichoingia, kwa kuwa bomba hilo kwa nje lina milimita 21.3. Suluhisho nililipata kwenye mabaki ya fundi wa mabomba: bomba la plastiki la PPR la milimita 20, lile la maji, kwa nje lina milimita 20 kamili, na huingia kwenye shimo kwa kusukumwa na kiganja. Nilikata vipande vya sentimita 8 na kuvijaza vijiti vya mvule ili visibonyee. Gundi nyeupe ya mbao haishiki kwenye plastiki hiyo, jambo ambalo ni hasara wakati wa kuvijaza lakini ni baraka wakati wa kuunganisha kabati, maana gundi ikimwagika kigingi hakigandi.

Kwa kukata mbao kubwa za plaiwudi za futi 8 kwa 4, meza hii imenibadilishia siku. Nalaza vipande vya mbao za kutupwa juu yake, naweka msumeno wa umeme uzame milimita chache tu kupita unene wa ubao, na vipande vyote viwili vilivyokatwa hubaki vimelala mahali pake badala ya kuanguka na kuchanika ukingo. Hapo sina la kulalamikia.

Kupiga randa ni habari nyingine. Ubao wa mvule wa futi 5 ukiuegemeza kwenye vigingi na kuusukuma kwa randa ya mkono, meza yote inatembea. Niliisukumia ukutani, ikaacha kutembea ikaanza kutikisika. Nikaweka sanduku la zana kwenye mbao ya chini ya miguu, ikatulia kidogo, lakini mkono unajua tofauti: nguvu inayopaswa kwenda kwenye ncha ya randa inapotelea kwenye miguu. Vivyo hivyo kuchonga tundu kwa patasi na nyundo. Ukigonga juu ya mbavu kuna uimara, ukigonga kati ya mbavu sanduku linalia kama ngoma, na katika ghorofa ambayo kazi inaruhusiwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, jirani wa chini atakukumbusha saa kabla haijafika. Kimo pia kina sehemu yake. Sentimita 90 ni nzuri kwa kuunganisha na kufunga skrubu, lakini ni juu mno kwa mtu wa kimo changu kupiga randa, kwani bega hufanya kazi ya mwili mzima. Anayeishi kwa kutengeneza milango ya mbao na vitanda vya kuchonga asidanganyike kuuza meza yake nzito.

Halafu kuna maji. Mwezi wa Aprili tulishusha vitu Kahawa West mvua ikinyesha, na kipande kimoja kikasimama kwenye tope la getini labda robo saa. Kesho yake ukingo wa chini ulikuwa umevimba na tabaka mbili zimeachana kama kurasa za daftari. Plaiwudi ina nyuzi zinazopishana tabaka kwa tabaka, ndiyo maana haitanuki na kusinyaa kama ubao wa kawaida, lakini ile ya ndani ya nyumba hugundishwa kwa gundi isiyovumilia maji. Ningeagiza tena, ningeomba ile ya kahawia yenye ngozi nyororo ambayo hutumika kumwagia zege na ambayo wauzaji huiita marine, ijapokuwa ni nzito zaidi na mbao huteleza juu yake. Hii niliyonayo nimeipaka vanishi ya maji mara tatu, ukingoni mara tano, hata ndani ya mashimo.

Kuhusu kujitengenezea: nimepiga hesabu, na vipande vyote viwili vya juu pamoja na mbavu zake hutoka katika ubao mmoja wa milimita 18, huku ubao mmoja wa milimita 12 ukitosha ngozi za chini na kubaki. Nusu ya ubao wa kwanza hutoa nyuso mbili, nusu ya pili hutoa mbavu, na ndiyo sababu vipimo ni 120 kwa 60 na si 122 kwa 61: zile sentimita zinazokosekana zimeliwa na msumeno. Aliye na meza iliyonyooka ya kuunganishia na subira ya kutoboa mashimo zaidi ya 100 kwa mpangilio mmoja, ajitengenezee. Mimi nilikuwa na meza, subira sikuwa nayo.

Wiki iliyopita nimeagiza kipande cha tatu, kidogo, sentimita 60 kwa 60, cha kutumia katika majiko finyu ambamo seti nzima haienei. Nimeomba kiwe cha marine, kiwe na tundu la kushikia, na pamoja na malipo ya mwanzo nimempa mtengenezaji kipande cha bomba la PPR akitumie kupima mashimo. Uzi nitakwenda nao mwenyewe.