Mashine ya sukari na ketoni kwa mtoto mdogo: maoni ya baba mmoja wa Tanga

Hii FreeStyle Optium Neo ya Abbott nilimwagiza shemeji yangu aliyeko Muscat. Hapa Tanga mashine za sukari zipo tele, ila inayopima na ketoni, kemikali ambazo mwili hutoa ukiyeyusha mafuta, nimeizungukia maduka ya dawa mpaka nikachoka. Duka moja waliniuliza, "Ketoni ndiyo dawa ya nini?"

Binti yangu ana miaka minne, mwembamba, kula kwake mpaka abembelezwe. Hana kisukari, nimewaambia majirani hadi mate yamenikauka. Shida yake, akilala bila kula au akitapika na homa, asubuhi unamkuta amelegea, jasho la baridi, ukimwita anaitika kwa mbali, mdomo unanukia tunda lililoiva kupita kiasi. Malaria ukipima, hakuna. Daktari wa watoto akatueleza kwamba akiba ya sukari kwenye ini la mtoto ni ndogo, na ubongo wake, mkubwa kwa mwili ule, unaimaliza upesi. Ikiisha, mwili unayeyusha mafuta, na ketoni zinapanda. Hali hii huwapata zaidi walio kati ya mwaka na nusu na miaka mitano, na wengi huachana nayo wakifika minane, tisa.

Sasa mashine yenyewe. Sukari inajibu kwa sekunde 5, ketoni sekunde 10, kila moja na stripu yake, kile kijiti chembamba cha kuwekea tone la damu. Asubuhi moja ilisoma sukari 2.7, ketoni 3.4 (zote kwa mmol/L), yaani sukari chini, ketoni juu. Hapo ndipo nilipoona thamani ya hela yangu. Ketoni juu na sukari juu ni habari ya kisukari, inataka insulini. Ketoni juu na sukari chini, mtoto kaishiwa, anataka sukari. Tukamnywesha juisi kidogo kidogo. Baada ya robo saa sukari 4.8, ketoni bado 3.1. Mama yake akashtuka, "Mbona haishuki?" Nikamwambia hiyo hushuka taratibu, mama, koroga uji.

Stripu ya ketoni inataka damu nyingi kuliko ya sukari. Mimi ni fundi cherehani, sindano nazijua: toboa pembeni mwa ncha ya kidole, katikati panauma zaidi. Na mnawishe kwa sabuni kwanza, kwani mtoto aliyetoka kula embe atakusomea sukari ya mtu mwingine. Halafu usiiamini kama mizani ya sonara. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mashine za nyumbani, sukari ikiwa chini ya 5.6, kupishana na maabara kwa 0.83 juu au chini. Kwa hiyo 3.2 yaweza kuwa 2.4.

Gharama ni stripu. Za ketoni zinakuja 10 kwa boksi, na bei yake inauma. Kila moja imefungwa peke yake kwenye foili, jambo la maana kwa unyevu wa huku pwani. Vijiti vya mkojo ni rahisi, lakini vinasoma ketoni ya aina nyingine, tena usubiri mtoto akojoe.

Bibi yake aliomba Ramadhani afundishwe kufunga hadi adhuhuri kama wenzake. Nikamwonyesha zile namba, akanyamaza. Usiku anakunywa konflawa (wanga wa mahindi) mbichi kwenye maziwa baridi, kipimo alichoandika daktari; ukiipika inasagika upesi tumboni na haimfikishi asubuhi.

Kama mwanao halegei hivi, usinunue. Na akiwa hawezi kumeza, achana na mashine, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali akawekewe dripu ya sukari.

Naipa nyota nne. Ya tano nawadai wauzaji wa hapa mjini: leteni stripu, shemeji hawezi kuja kila mwezi.