Korti ya Madai Madogo: nyota nne, ya tano wangeipata kama kulipwa kungekuwa rahisi kama kushinda

Kama uko na biashara ndogo hapa Kenya na umewahi kupeana mzigo kwa deni halafu mteja akaanza kutoshika simu, soma hii. Naongelea ile korti ilianza Milimani, Nairobi, Aprili 2021, sheria yenyewe ni ya 2016 lakini ilikaa tu kwa karatasi miaka hiyo yote.

Mimi niko kwa mbao, nafanya viti na meza za hoteli. Mteja mmoja, simtaji, alilipa deposit akachukua mzigo wote, balansi ya 180,000 ikageuka hadithi, leo benki imefunga kesho bosi amesafiri. Zamani hapo unamwachia Mungu tu, maanake kesi ya deni ilikuwa inaweza kuvuta miaka na wakili anataka pesa kabla hata hajafungua faili.

Hapa mambo ni mengine. Deni lisipite milioni 1, na sheria inasema kesi iishe ndani ya siku 60 tangu uifungue. Wakili si lazima. Fomu unajaza kwa mtandao, ukishindwa vijana wa saiba wanakusaidia, unalipa kwa simu. Anayesikiza na kuamua kesi ni wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka 3 na haendi na zile sheria ngumu za ushahidi, mimi nilikuwa na LPO, ile karatasi ya oda mnunuzi anakupa, delivari noti imesainiwa, na meseji ya WhatsApp jamaa ameandika "fundi nivumilie mwisho wa mwezi". Hiyo meseji ndio ilimmaliza.

Sasa kasoro. Foleni ni moja, kesi za kuumia barabarani pia zinaingia hapo na mawakili wanazileta kwa wingi, unajikuta wewe na deni lako la viti mnangoja nyuma ya ajali za bodaboda. Lakini kasoro kubwa ni baada ya kushinda. Hukumu unapewa, pesa unajitafutia mwenyewe. Unarudi kuomba ruhusa ya kukamata mali, unatafuta okshenia, yule dalali wa kukamata na kuuza mali ya mdaiwa, naye anataka chake kwanza. Wangu alianza kulipa siku okshenia alikuja kuandika vitu, ameshafika kwa friji ya soda akaambiwa hiyo ni ya kampuni ya soda, akasonga kwa makochi, hapo ndio simu ya bosi ikashika. Na bado alilipa kidogo kidogo.

Kama mdaiwa ni kaunti, sahau okshenia kabisa. Mali ya serikali haikamatwi, unapewa cheti cha kuonyesha unadai kaunti pesa ngapi, unaanza safari nyingine High Court. Ndio maana unaona nyumba za masaplaya zinapigwa mnada na benki huku kaunti ina pesa zao.

Pamoja na hayo nyota nne natoa, na sababu si hiyo 180,000. Kabla ya hii korti nilikuwa nauzia watu ninaowajua tu, wa kanisa, wa nyumbani, ama yule analipa yote mara moja, kwa sababu mtu wa kwetu akinizungusha naenda kwa wazee wake, mgeni nitampeleka wapi? Ukifanya hivyo biashara inabaki saizi ya ukoo wako. Wanauchumi akina Acemoglu walipewa Nobel ya uchumi 2024 kwa kusomea jinsi taasisi, kama hizi korti, zinafanya nchi itajirike ama ibaki maskini, fundi yeyote wa soko la Gikomba angewaambia bure, ila sawa, wao wana data.

Saa hii, kwa sababu korti iko, nachukua oda ya mtu wa Kisumu sijawahi kumwona. Delivari noti lazima asaini na aandike namba ya kitambulisho. Na kabla ufungue kesi angalia jina kwa LPO, ni la mtu ama la kampuni, kwa sababu ukishtaki mtu na aliyenunua ni kampuni utaanza upya.