African Storybook katika darasa la chekechea: hesabu silabi, usihesabu maneno

African Storybook ni ghala la hadithi za picha za watoto kwenye mtandao. Lilianzishwa na Saide, shirika la elimu lenye makao yake Johannesburg, Afrika Kusini. Tovuti ilifunguliwa mwaka 2014, na shule za majaribio za mwanzo zilikuwa Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Asili hiyo inaonekana kwenye picha na visa vyenyewe: mbuzi, kuku, shamba la mahindi, bibi na wajukuu. Mtoto wa Bungoma au wa Korogwe hahitaji kwanza kuelezwa theluji ni nini ndipo aingie kwenye hadithi. Kusoma, kupakua, kuchapa, kutafsiri na hata kutunga hadithi mpya ni bure, na programu yake ya simu huhifadhi hadithi ulizochagua ili zisomwe pasipo intaneti.

Kwa chekechea inayofundisha kwa Kiswahili, tunaipa alama 4 kati ya 5. Ile moja iliyokosekana imepotelea kwenye ngazi.

Hadithi zimepangwa katika ngazi tano: maneno ya kwanza, sentensi za kwanza, aya za kwanza, aya ndefu zaidi, na ngazi ya 5 ambayo ni hadithi za mtu mzima kuwasomea watoto. Kipimo kikubwa ni wingi wa maandishi katika ukurasa, na kipimo hicho kinamkaa vizuri msomaji wa Kiingereza. Kiswahili kina maumbile mengine. Neno “hatukumwona” ni moja kwenye karatasi, lakini limebeba mtendaji, ukanushi, wakati, mtendwa na tendo. Mtoto anayeanza kusoma hulikuta kama ha-tu-ku-mwo-na, silabi tano, ya nne ikiwa na konsonanti mbili zilizoshikana. Akifika “na” ameshasahau “ha”, na kwa kuwa “ha” ndiyo yenye ukanushi, maana yote imepinduka. Hivyo ukurasa wa maneno matatu katika ngazi ya 1 unaweza kumshinda mtoto kuliko ukurasa wa maneno manane katika ngazi ya 2.

Kabla ya kuchapa hadithi ambayo watoto wataisoma wenyewe, fungua ukurasa wenye maandishi mengi kuliko zote, utafute neno refu zaidi, kisha uhesabu silabi zake. Kwa mtoto wa mwisho wa mwaka wa awali, au wa PP2 (mwaka wa pili wa elimu ya awali) kwa Kenya, neno refu lisizidi silabi nne na ukurasa mzima usipite silabi 12 hivi. “Paka amelala” ina silabi sita, zote nyepesi, inafaa. “Alimkimbilia” ni neno moja tu, ila lina silabi saba, mojawapo ikiwa m inayosimama peke yake na nyingine mbi. Hadithi yenye neno la namna hiyo iwekwe kwenye fungu la kusomewa, hata kama jalada linasema ngazi ya 1. Angalia pia kama kuna kibwagizo, yaani sentensi inayorudi ukurasa baada ya ukurasa na kubadilika neno moja tu. Hadithi ya namna hiyo humpa mtoto mahali pa kushika, na ina thamani kuliko hadithi tatu zenye kisa kizuri lakini maneno mapya kila ukurasa.

Faida kubwa zaidi ya ghala hili kwa watoto wa miaka minne na mitano ni mazungumzo. Mtoto huja shuleni na masikio na ulimi. Macho ya kusoma huja baadaye, na husimama juu ya maneno aliyokwisha kuyasikia na kuyatamka. Hapo hadithi za ngazi ya 5 zina kazi kubwa, ingawa walimu wengi huziruka kwa kuona maandishi mengi.

Hadithi moja itoshe siku tatu, dakika 10 hadi 15 kila siku, na watoto wasiozidi wanane mbele ya kitabu kimoja. Siku ya kwanza usisome. Fungua picha na uulize: unaona nini, kwa nini huyu analia, unadhani atafanya nini sasa? Ukishauliza, nyamaza na uhesabu moja hadi tano kimoyomoyo, maana mtoto anahitaji muda wa kutafuta neno. Swali la “Tumeelewana, watoto?” lina jibu moja tu, “Ndiyooo”, na jibu hilo halikuambii chochote. Mtoto akisema “Anakula”, mrudishie sentensi iliyojaa: “Ndiyo, mbuzi anakula mahindi ya bibi.” Usimwambie amekosea, asikie tu sura kamili ya alichotaka kusema.

Siku ya pili soma, kidole kikitembea chini ya maneno kutoka kushoto kwenda kulia, na usimame kabla ya kibwagizo ili wamalizie wao. Chagua maneno matatu mapya, yasizidi. Tuseme ni nyuki, moshi na mzinga. Pigeni makofi kwa kila silabi: nyu-ki makofi mawili, mo-shi mawili, m-zi-nga matatu. Hili la mzinga lishikiliwe sana. Darasa likizoea kupiga mawili, “mzi-nga”, baadaye wakati wa kuandika utaona “zinga” kwenye daftari, au “muzinga” kwa yule aliyefundishwa kwamba kila konsonanti lazima ifuatwe na irabu. Mtoto aliyeipigia m kofi lake tangu mwanzo anajua kwamba pale pana kitu cha kuandika na kwamba hakina u.

Siku ya tatu funga kitabu, watoto wasimulie wenyewe, kisha wachore sehemu wanayoipenda. Chini ya kila mchoro andika sentensi ya mtoto kama alivyoisema. Huo ndio ukurasa ambao ataurudia mara nyingi kuliko wowote uliochapwa.

Kufikia siku hiyo darasa litakuwa linaimba hadithi neno kwa neno, na hapa ndipo mwalimu hudanganyika akadhani wanasoma. Kukariri kibwagizo ni hatua nzuri, lakini pima: funika picha, weka kidole kwenye neno la katikati ya sentensi, uliza ni lipi. Mtoto akianza sentensi upya toka mwanzo hadi afike kwenye kidole chako, bado anakumbuka kwa sikio. Akilitaja moja kwa moja, ameanza kuliona.

Kijitabu cha karatasi kinafaa zaidi ya simu moja inayopita mikononi mwa watoto 40. Programu nyingi za kufungulia PDF zina uchaguzi wa kuchapa kijitabu, yaani kurasa mbili za A5 kwa kila upande wa A4. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: hadithi ya kurasa 16 hutumia karatasi 4, na ya kurasa 14 pia, mbili za mwisho zikibaki tupu kwa ajili ya mchoro wa mtoto. Kosa la kila siku ni kugeuza karatasi kwa upande mrefu. Ukurasa wa nyuma hutoka kichwa chini. Geuza kwa upande mfupi, na ujaribu nakala moja kabla ya kuchapa zote. Darasa la watoto 40 katika vikundi vya wanane linahitaji nakala tano, yaani karatasi 20 na majalada matano ya manila. Fotokopi ya rangi nyeusi huzifanya baadhi ya picha kuwa giza tupu, basi chapa nakala moja ya rangi ya kuonyeshea na nyingine ziwe nyeusi. Kwa kusomea darasa zima A5 ni ndogo. Andika kibwagizo kwenye manila kwa herufi za urefu wa sentimita 5 ili aliyekaa nyuma aone.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo wa A4. Shona: toboa matundu matatu kwenye mkunjo, anza ndani kwa tundu la kati ukitokea nje, ingia kwa la juu, shuka kwa ndani hadi la chini, toka, kisha rudi ndani kwa la kati na ufunge fundo juu ya uzi mrefu. Kijitabu kilichoshonwa hivi hakimchomi mtoto kidole.

Sasa lugha. Kwa kuwa yeyote anaweza kuandika na kutafsiri, ubora wa Kiswahili haulingani. Soma hadithi yote kwa sauti kabla ya kuipeleka darasani, ukisikiliza upatanisho kwanza: “simba kubwa” badala ya “simba mkubwa”, “mti mrefu ilianguka” badala ya “ulianguka”. Mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili ataokota kosa hilo kama sarufi. Sikiliza pia “yeye” inayojirudia mahali ambapo kiambishi a- kinatosha. Ni dalili kwamba mfasiri alifuata Kiingereza neno kwa neno. Tovuti inaruhusu kutengeneza toleo lako, kwa hiyo rekebisha, na hapohapo badilisha neno la mahali: wa Unguja aweke “skuli” palipo na “shule”.

Ghala lina zaidi ya lugha 200 za Afrika, na hadithi nyingi zipo kwa lugha kadhaa zenye picha zilezile. Kwa darasa la Turkana au la Umasaini hiyo ni tunu: soma Jumatatu kwa lugha ya nyumbani, Jumatano kwa Kiswahili, na kisa kilichoeleweka tayari kitambebea mtoto maneno mageni. Mzazi aliye Muscat au Minneapolis anaweza kufanya vivyo hivyo na Kiswahili cha nyumbani na lugha ya shule.

Usitarajie mpangilio wa kufundisha herufi. Hadithi hazikutungwa kwa kufuata mfululizo wa irabu, kisha ma me mi mo mu, kisha ba be bi bo bu. Mfululizo huo mwalimu anao mwenyewe, naye achague hadithi zinazorudia silabi za wiki hiyo. Kazi hiyo huchukua muda mwanzoni, kwa hiyo andika nyuma ya kila jalada silabi zinazojirudia ndani yake, na mwalimu wa mwakani atazikuta.

Ukurasa wa mwisho wenye majina ya mwandishi, mchoraji na mfasiri uchapwe pamoja na hadithi. Leseni huria inayokuruhusu kunakili na kubadilisha inadai hilo.