Drop City au The Farm: makazi mawili ya mahipi, vijana wa miaka ya 1960 waliokataa maisha ya kawaida

Drop City ilianzishwa 1965 na wasanii vijana karibu na mji wa Trinidad, jimbo la Colorado, Marekani, kwenye kipande cha malisho ya mbuzi. Walijenga nyumba za kuba, nyingine zikiezekwa kwa mabati waliyoyakata kwa shoka kutoka mapaa ya magari chakavu. Rahisi kweli kweli, na 1967 Buckminster Fuller, mbunifu Mmarekani aliyeeneza ujenzi wa kuba, akawatunuku tuzo. Ila kuba lina maungio mengi mno: bati hutanuka juani na kusinyaa kwenye baridi, gundi ya kuzibia hupasuka, mvua inaingia. Hilo lingezibika. Kilichowashinda ni sera ya mlango wazi, kwamba yeyote ajaye akae. Baada ya tamasha lililofanyika hapo Juni 1967 wageni walifurika, waanzilishi wakaondoka, na miaka michache baadaye pakawa mahame.

The Farm, katika jimbo la Tennessee, Marekani, ni habari nyingine. Stephen Gaskin, mwalimu wa mahipi, na wafuasi wake walitoka San Francisco kwa msafara wa mabasi, wakatua huko 1971 na kununua zaidi ya ekari 1,000. Hapa palikuwa na masharti: hakuna nyama wala pombe, na fedha zote ziwekwe mfuko mmoja. Soya ilitoa maziwa na tofu (jibini la soya). Wakunga wakiongozwa na Ina May Gaskin, mke wa Stephen, walizalisha hadi wanawake wa nje ya kijiji.

Mfuko huo mmoja ndio uliolemewa na madeni. Mwaka 1983 wakaamua kila mtu mzima ajitafutie kipato na alipe mchango. Wengi walihama, kijiji kipo hadi leo.