Wiki mbili za Sarit Sarak Imphal, mwili bado unauma

Aisee niliingia nikidhani ni kama karate tu ya kihindi, kumbe wapi. Sarit Sarak ni ya Wameitei wa Manipur, jimbo la India ambalo Imphal ndo mji wake mkuu, ni ule upande wa mikono mitupu wa Huyen Langlon, yaani sanaa yao ya mapigano, upande mwingine ni Thang-Ta, yaani upanga na mkuki. Na vinaendana kweli, maana oja (ndo wanavyomwita mwalimu huko) alitupeleka hatua zilezile za miguu kisha akatuambia sasa fikiria una upanga mkononi, hapo ndo nikaelewa mbona tunazunguka zunguka hivi chini chini.

Siku tatu za mwanzo ni kukwepa tu, hakuna kupiga mtu. Magoti yamekunjwa muda wote, mapaja yanawaka moto, halafu mzee wa watu amekuzidi umri mara mbili anateleza pembeni we unapiga hewa na yeye keshakushika.

Nilichopenda zaidi ni hawakimbizi mambo. Waingereza walipiga marufuku haya mafunzo baada ya kuishinda Manipur kwenye vita vya 1891, yakabaki ya kujificha majumbani, kwa hiyo wanaofundisha leo wanayashika kwa heshima sana.

Kasoro zipo: ukumbi mdogo, mikeka imechakaa, na kama hujui Kimeitei maelezo mengi yanakupita, unaiga tu. Wa kutafuta mapigano ya haraka haraka atachoka. Mimi nawapa nne kwa tano, na mwakani narudi, ila naanza mazoezi ya magoti mapema